Ukienda kukaa kwa ndugu Goma, anza na bidoni na mbabula

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, basi Goma, huku mashariki mwa Kongo, jembe lenyewe ni bidoni, yaani dumu la maji la lita 20. Mimi nimetoka Tanga nikaenda kukaa kwa mama mdogo, nyumba ya watu tisa, na nakwambia kama unaenda kukaa miezi shika kazi mapema, usingoje utumwe. Saa yako irudishe nyuma lisaa limoja maana wako nyuma ya Tanzania, halafu amka na watoto wanaoenda maji.

Maji ndio kila kitu. Mji umekaa ukingoni kabisa mwa Ziwa Kivu lakini robine, yaani bomba, inaweza kukaa siku hata tone hakuna, kwahiyo watu wanateka ziwani ama wananunua. Ukimkuta mtu wa klorini, dawa ya kuua vijidudu kwenye maji, pale ufukweni na sindano yake ya kupimia mpe bidoni atie dawa, halafu subiri nusu saa ndio mnywe, harufu utaizoea, kipindupindu hakizoeleki. Bidoni za kunywa funga kitambaa mdomoni ili mtu asizichanganye na za kufulia. Mvua ikinyesha tega mabeseni chini ya bati ila maji hayo ni ya kufua na kupanguza, usinywe, yamepita kwenye moshi wa Nyiragongo, ule mlima wa volkano. Na hakuna kumwaga jamani! Maji ya kusuuzia nguo yanapanguza sakafu, unayavuta na raklete, ile fagio ya mpira ya kukokota maji, yale machafu ya mwisho yanaenda chooni. Siku ya kwanza mimi nilimwaga beseni zima la kusuuzia, mama mdogo hakunigombeza, aliangalia tu pale yalipozama kwenye mawe, mpaka leo inaniuma.

Kufua nguo wao wanasema kufula. Vumbi lao ni jeusi, la lava, ile ya 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ziwani kwahiyo unaikanyaga kila siku. Kung'uta nguo ikiwa kavu kabla hujailoweka, la sivyo ule mchanga unakwangua kitambaa. Wakikwambia anika juu ya mawe sawa, yanashika joto vizuri, ila yanakwaruza, geuza nguo ndani nje na utandike kitenge cha zamani chini.

Mbabula ni jiko la makala, yaani mkaa. Washia nje, na hapa naomba unisikilize, Goma iko mita kama 1,500 juu ya bahari, usiku kuna baridi na mtu anashawishika kuingiza mbabula chumbani apate joto. USIINGIZE. Hata makala yakiwa mekundu bila moshi yanatoa hewa inayoua mtu usingizini. Kuna na mazuku, hewa nzito ya volkano inayotuama mabondeni na kwenye mashimo, mbaya zaidi alfajiri kabla upepo haujaanza, ukiona mbuzi amekufa shimoni bila kidonda usishuke kumtoa na watoto wazuie. Uliza wenyeji wa mtaa, wanayajua mashimo yao.

Kupika hutapata shida, kisamvu ndio sombe, sokoni kinauzwa kimeshatwangwa, kichemshe muda mrefu bila mfuniko ndio utie mafuta ya mawese. Sambaza ni dagaa wa Kivu, paa vizuri kabla ya kukaanga.

Shikamoo yako wataipokea kwa mshangao, kule mkubwa unamwambia jambo mama, jambo papa, kwa mikono miwili, na hujakosa adabu.

Ukitumwa dukani na dola ikague kingo zake kabla hujatoka nyumbani, ikiwa na mpasuko hata wa kucha hawapokei, utarudi bila sabuni. Na ukirudishiwa chenji ya dola iliyochanika ikatae pale pale, ukishavuka mlango basi ni yako.