Ukiona "kama" usikimbilie tashbiha

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha Kiswahili hapa Mtwara niliwaambia wanafunzi: mkiona neno "kama", hiyo ni tashbiha, yaani tamathali ya kufananisha, andikeni msonge mbele. Wiki hiyohiyo binti mmoja wa Mikindani akaniletea sentensi yake: "Baba amevua changu kama kumi." Darasa zima likacheka, nami nikamwekea kosa. Usiku, nikiendelea kusahihisha madaftari, nikaona kosa ni langu. Mtoto alifuata nilichosema. "Kama" yake ilikuwa ya kukadiria idadi tu.

Tangu siku hiyo sianzi na majina ya tamathali, yaani semi za kupamba lugha. Naanza na swali moja: sentensi hii ukiichukua ilivyo, ni kweli? Changu kama kumi ni kweli, unaweza kuwahesabu kwenye ndoo. "Baba amelala kama gogo" si kweli, kwa sababu baba si mti. Hapo ndipo pa kusimama. Halafu kuna mtego wa tatu: "Korosho za Newala ni nzuri kama za Tandahimba." Kuna "kama", kuna kulinganisha, lakini ni korosho kwa korosho, mtu wa mnadani ataichukua kama taarifa ya kawaida. Tashbiha inataka vitu viwili visivyo vya jamii moja, vinavyokutana mahali pamoja. Na usiifunge kwenye "kama" peke yake. Kuna mithili ya, kuna mfano wa, na kuna "utadhani", ambayo wanafunzi huisahau ilhali wanaisikia kutwa: "Anavyotembea, utadhani barabara kaijenga yeye."

Ukiondoa hicho kiungo unapata sitiari. Huku kwetu tunasema korosho ni dhahabu ya kijani, na hakuna aliyewahi kuiyeyusha akatengeneza pete. Wanafunzi wangu nawaandikisha mambo matatu: kinachozungumziwa (korosho), kinachofananishwa nacho (dhahabu), na wapi vinakutana (fedha wanayoingiza watu msimu ukifika). Hilo la tatu ndilo linalowashinda wengi. Mtu anaandika "sitiari" kwa mwandiko mzuri, ukimuuliza vinakutana wapi, anatazama dari. Basi hajaelewa, hata kama jina kalipatia.

Sasa chukua kanga. Sisemi mzaha, hakuna kitabu cha mazoezi kilicho karibu kuliko kabati la mama yako. Soma jina lililoandikwa chini: "Wema hauozi." Nilipoiandika ubaoni, nusu ya darasa walisema tashihisi, yaani kukipa kisicho mtu sifa za mtu, maana wema umepewa kitendo. Nikawauliza: kuoza ni kitendo cha mtu? Kimya. Nini kinaoza? Samaki, embe. Kijana mmoja nyuma akasema, "Mabibo, mwalimu." Hapo kila mtu akaelewa, kwa sababu hakuna mtoto wa huku asiyeijua harufu ya chini ya mkorosho wakati wa mavuno: korosho zimeshang'olewa, mabibo yamebaki chini, siku ya pili tu nzi wamejaa. Kumbe wema umefananishwa na kitu cha kuliwa, na hapohapo ukaambiwa hauna kasoro ya vyakula. Hamna "kama", hamna "ni". Ulinganisho wote umejificha ndani ya kitenzi. Hiyo ni sitiari, na kwangu hizi za kitenzi ndizo tamu zaidi. Ukikutana na kitenzi, uliza siku zote: kwa kawaida nani au nini hufanya hivi?

Jibu likiwa ni mtu, ndipo useme tashihisi. "Kusi limekasirika leo, hakuna chombo kinachotoka." Upepo hauna hasira. Lakini "pikipiki imekataa kuwaka"? Nayo ilianza hivyohivyo, ila imetumika mpaka ikachakaa, sawa na mguu wa meza na mdomo wa chupa. Usiitoe kama mfano kwenye mtihani. Si kosa, ila msahihishaji atapiga miayo.

Kejeli (kusema kinyume cha unachomaanisha) na tafsida (kulainisha neno kali) hazionekani kwenye sentensi peke yake, lazima ujue nani anamwambia nani. "Ahsante baba, umewahi" ni shukrani, mpaka ujue mtoto alitumwa chumvi saa kumi na amerudi magharibi. Tafsida nayo nenda kaisikilize msibani. Hutasikia mtu akimwambia mfiwa "mumeo amekufa". Ametutoka, ametangulia, hayupo nasi. Maana ni ileile, ila anayesikia amepunguziwa makali.

Mubalagha, yaani kutia chumvi, tunabishana nayo kila mara kwa sababu ya bodaboda. Unapiga simu, anakuambia "sekunde moja nipo hapo", naye bado yuko Mikindani. Je, ni mubalagha au uongo? Msimamo wangu: kama nyote wawili mnajua si sekunde moja, ni mubalagha. Kama anajua yeye tu, ni uongo, na nauli ipungue.

Majazi ni jina la mhusika linaloendana na tabia au mambo yake ndani ya kazi ya fasihi. Msiyatafute mtaani. Jirani yangu anaitwa Shida na ana nyumba mbili za kupangisha. Takriri (kurudiarudia neno), tanakali sauti (kuiga mlio), mdokezo (kuacha maneno yakining'inia) na nidaa (mshangao) sizitumii muda mwingi, masikio yenyewe yanazikamata. Kumbuka tu kwamba hizo huwekwa kwenye mbinu nyingine za kisanaa, na swali likitaka tamathali za semi usizichanganye. Tashtiti ni swali ambalo muulizaji anajua jibu lake: "Mama, kweli umetuacha?"

Kwa mazoezi, chukua kanga tatu jioni, kila moja uiandikie yale mambo matatu. Ikikushinda, ruka. Juzi kibarazani kwangu tulikwama kwenye "Japo sipati, tamaa sikati". Kukata tamaa kila mtu anasema, lakini inakatwa kama nini? Mmoja akasema kamba. Mwingine akasema hapana, ni kama kukata safari, mtu anaishia njiani. Nikawaacha wakibishana mpaka ikaadhiniwa isha.