Kabla ya wikiendi ya wawili kwenye ngome za Sahyadri

Ukifika Pune, jiji la magharibi mwa India, kwa masomo au kazi, haichukui muda kabla wenzako hawajaanza kukutajia majina yaleyale: Lohagad, Rajmachi, Sinhagad, Kalsubai. Ni ngome, vijiji na vilele vya milima ya Sahyadri, inayotenganisha uwanda wa Deccan na pwani ya Konkan. Kwa kimo si milima ya kutisha. Kalsubai, kilele kirefu kuliko vyote katika jimbo la Maharashtra, kina mita 1,646. Jiji la Nairobi liko juu zaidi ya hapo. Mke na mume wanaotoka Ijumaa jioni wakitegemea kurudi Jumapili hushindwa na mambo mengine: maji, umati na karatasi. Yote matatu hushughulikiwa katikati ya wiki, begi likiwa bado tupu.

Maji kwanza. Upepo wa kusi unaovuma pwani yetu ndio huohuo unaovuka Bahari ya Hindi na kuigonga Sahyadri. Mvua huingia Kerala mwanzoni mwa Juni, hufika upande wa Mumbai na Pune kama siku kumi baadaye, na huaga mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Mawingu yakipanda mlima humwaga karibu kila kitu palepale kwenye ukingo. Lonavala hupata zaidi ya milimita 4,000 kwa mwaka. Pune, kilomita 65 hivi kutoka hapo, hupata kama 700. Kwa hiyo ukifungua dirisha la Pune ukaona jua, hujajua lolote kuhusu unakokwenda. Idara ya Hali ya Hewa ya India (IMD) hutangaza tahadhari kwa rangi, na mara nyingi hutaja eneo la milima la Pune peke yake, mbali na mji. Nyekundu ina maana kwamba mvua inaweza kupita milimita 204 ndani ya saa 24. Isome Ijumaa mchana, uisome tena Jumamosi kabla ya kuvaa viatu. Kwetu sisi, ikiwa ya manjano tunachagua njia fupi isiyovuka kijito. Ikigeuka chungwa tunapika pilau nyumbani na habari imekwisha. Uliza pia kama uongozi wa wilaya umefunga ngome au maporomoko fulani, maana siku hizi hufanya hivyo karibu kila msimu wa mvua, na polisi husimama njiani kuwarudisha watu.

Amri hizo zina sababu. Tarehe 30 Juni 2024, siku ya Jumapili, watu watano wa familia moja walisombwa na maji karibu na bwawa la Bhushi, Lonavala. Walikuwa wamesimama ndani ya mkondo wakati maji yalipopanda ghafla. Tarehe 15 Juni 2025, Jumapili tena, daraja kuukuu la chuma huko Kundmala, juu ya mto Indrayani, lilivunjika likiwa limejaa watu waliokuja kuutazama mto, na wanne wakafa. Ukiyatazama matukio hayo mawili, hakuna aliyekuwa akipanda jabali. Watu walikuwa matembezini tu, mahali pa kufikika kirahisi, siku ambayo kila mtu alikuwa hapo. Mvua inayojaza kijito huwa imenyesha juu kabisa, pengine wewe umesimama mahali pakavu. Maji yakianza kubadilika rangi au kuleta majani na vijiti, tokeni kwanza, picha baadaye. Na daraja likiwa limejaa watu, ngojeni wapungue hata kama jua linazama.

Ndiyo maana mimi naipangia Jumapili mapema kuliko Jumamosi. Jumamosi fika kijijini, lala huko, Jumapili uanze kupanda saa 11 na nusu alfajiri, na saa 5 asubuhi uwe umeshuka. Wakati huo magari kutoka Mumbai na Pune ndiyo yanaanza kubanana barabarani. Kwa wanaofunga safari ya siku moja, Jumamosi alfajiri ni bora mara kumi kuliko Jumapili mchana.

Wanaoogopa mvua wangoje Oktoba hadi Februari, majira mazuri ya kutembea, ingawa alfajiri za Desemba zinataka sweta. Machi hadi Mei ni jua kali, visima vingi vya ngomeni hukauka, na lita tatu za maji kwa kila mtu si nyingi.

Usafiri una mitego yake midogo. Kwenda Lohagad, au mapango ya Bhaja ambayo watawa wa Kibuddha walianza kuyachonga zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, unashuka kituo cha Malavli kwa treni ya kawaida ya Pune hadi Lonavala. Tiketi unakata siku hiyohiyo. Safari za mbali ndizo zinazohitaji kukata mapema. Tangu Novemba 2024 tiketi za masafa marefu hufunguliwa siku 60 kabla, na treni za Ijumaa usiku hujaa haraka. Tiketi ikiandikwa RAC, mtaruhusiwa kupanda, lakini watu wawili mtagawana kitanda kimoja cha pembeni mkiwa mmekaa. Kwa mke na mume inavumilika. Ikiwa bado kwenye orodha ya kusubiri hadi majina yapangwe, ile ya mtandaoni hujifuta na pesa hurudi, hivyo usiihesabu kama safari. Tena angalia saa. Treni ya saa 00:20 tarehe 14 huondoka usiku wa kuamkia tarehe 14, saa 6 na dakika 20. Aliyezoea kuhesabu saa kwa Kiswahili na aliyezoea ratiba za saa 24 wakipanga safari pamoja, mmoja amsomee mwenzake tiketi kwa sauti.

Mkikodi pikipiki, kumbukeni barabara ya haraka ya Mumbai hadi Pune hairuhusu pikipiki hata moja. Mtapita barabara kuu ya zamani. Afadhali India nao wanaendesha upande wa kushoto kama sisi. Leseni ya kimataifa muwe nayo, na kofia ngumu zivaliwe na wote wawili.

Sasa chumba, jambo ambalo kwa wawili wageni lina uzito kuliko wenyeji wanavyodhani. Kila hoteli inayompokea mgeni wa nje hutakiwa kumwandikisha kwa fomu ya wageni, ambayo wengi huijua kama Fomu C, katika ofisi ya usajili wa wageni, FRRO, ndani ya saa 24. Gesti ndogo nyingi hazijajisajili kwa kazi hiyo, na njia yao rahisi ni kusema kimejaa. Hata uwe umelipa mtandaoni, unaweza kurudishwa mlangoni saa 4 usiku. Pigeni simu kabla ya kulipa na muulize swali moja tu: mnapokea wageni wa nje, mnajaza Fomu C? Wakisita, tafuteni pengine. Bebeni nakala za pasipoti, viza na kibali cha kuishi, seti mbili kwa kila mmoja, kwa sababu mapokezi watataka kubaki nazo.

Cheti cha ndoa nacho kiwe ndani ya begi. Sheria ya India haiwakatazi watu wazima wasiooana kulala chumba kimoja, lakini wenye hoteli wengi, hasa miji midogo na karibu na mahekalu, huwakataa. Na sisi tuna tatizo letu la majina. Mke hubaki na jina la baba na babu yake, mume na lake, na pasipoti mbili zisizofanana hata jina moja humfanya karani aanze kuuliza maswali. Kama cheti kimeandikwa Kiswahili au Kiarabu pekee, tafuteni tafsiri iliyothibitishwa mapema. Hilo si jambo la kufanya Ijumaa.

Kuna vitu ambavyo ni heri vibaki nyumbani. Simu ya setilaiti, hata kile kifaa kidogo cha kutuma ujumbe wa dharura ambacho wapanda milima wa kwingine hukisifu, ni marufuku India bila kibali, na wapo wageni waliokamatwa nacho uwanja wa ndege. Droni nayo msiibebe. Manukato yaacheni pia: kwenye majabali ya ngome hizi hukaa nyuki wakubwa wa mwambani, na harufu kali, moshi au kelele vinaweza kuwachokoza. Wakija, funika kichwa na uondoke, usisimame kuwapunga.

Begi lenyewe halina mengi. Viatu vyenye soli inayoshika, kwa kuwa ngazi za mawe za Lohagad zikipata mvua huwa na utelezi wa kuvu. Tochi ya kichwani kwa kila mmoja, wala si moja ya kugawana. Nguo kavu ndani ya mfuko wa plastiki, ORS (chumvi za kurudisha maji mwilini), karatasi ya chooni na mfuko wa kurudishia taka, maana vyoo juu ni bahati na sehemu nyingi havipo kabisa. Mwanamke aliye kwenye siku zake apange hilo na mwenzake waziwazi, pamoja na mahali pa kupumzika. Pesa taslimu za noti ndogo ziwepo, kwani malipo ya simu hufa pale mtandao unapokatika. Chakula msibebe kingi. Familia za vijijini hupika zikijulishwa siku moja kabla, na Sinhagad utapata bhakri ya mtama au uwele, pithla ya unga wa dengu na bhajia za vitunguu ambazo mtu wa Mombasa hatazionea ugeni. Pilipili waambie mapema, na usiamini neno “kidogo”.

Ngome hizi kwa Wamarathi, wenyeji wa Maharashtra, ni kumbukumbu ya Shivaji, mfalme aliyeasisi dola lao karne ya 17, na kumi na mbili kati ya zile zilizohusiana na dola hilo, Lohagad ikiwemo, ziliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2025. Pombe na kukumbatiana hadharani huleta ugomvi wa haraka. Mtaombwa picha na watu msiowajua, mara nyingi kwa wema na mara nyingine bila adabu. Kubalianeni kabla jibu litakuwa lipi, ili mmoja asitabasamu wakati mwenzake amechoka.

Kubalianeni pia saa ya kugeuza, na kwamba mmoja akisema basi, hakuna kubembelezana. Mkiumwa na nyoka, msikate jeraha wala kufunga kamba. Mguu utulie, na safari ya hospitali ianze mara moja, kwani dawa ya sumu iko huko. Gari la wagonjwa ni 108, dharura zote ni 112. Mtu mmoja aliyebaki Pune apewe jina la kijiji, namba ya mwenyeji wenu, na saa ambayo akiwa hajawasikia apige simu.