Namna ya Kuelekeza Fedha Zako kwenye Yale Yanayokuridhisha

Anza na taarifa ya miamala yako kabla hujapanga bajeti yoyote. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, sehemu kubwa ya matumizi ya watu wengi huacha alama kwenye simu, kwa hiyo hulazimiki kutegemea kumbukumbu. Omba taarifa ya miezi mitatu kwa mtandao wako wa simu na kwa benki, kisha weka kando kodi ya nyumba, chakula, ada, nauli na umeme. Yanayobaki, yaani vocha, chipsi za jioni, nguo, vinywaji na michango, ndiyo yaliyo chini ya uamuzi wako.

Kando ya kila muamala uliobaki andika kama ungelipa tena leo, ukijua ulichopata. Usijiulize kama kilikuwa cha lazima, kwa sababu swali hilo litakufanya ufute kiingilio cha taarabu uliyoifurahia na kuhalalisha ndoo ya tatu ya plastiki. Angalia pia fedha zilizokununulia muda: anayemlipa dobi ili Jumamosi yake aitumie na watoto huenda amepata zaidi ya aliyenunua simu mpya.

Eneo gumu kuliko yote ni michango. Kamati ya harusi inapotangaza kiwango cha kadi ya mtu mmoja na ya wawili, na orodha ya waliolipa ikasambazwa kwenye kundi la WhatsApp, wengi wetu hutoa kwa kuogopa macho ya watu kuliko kwa furaha. Sisemi mtu ajitenge, kwa maana kumchangia rafiki wa kweli ni miongoni mwa matumizi yanayoridhisha kabisa. Ninachoshauri ni kukadiria mapema kiasi cha michango ya mwaka mzima, kukielekeza kwa ukarimu kwa wale ambao furaha yao ni yako pia, na kuwapa wengine kidogo au kuwaomba radhi. Jibu kamati mapema na kwa kiasi kamili, kwa mfano: “Nimepokea kadi, nitashiriki kwa shilingi 30,000 ifikapo tarehe 5.” Ahadi kubwa isiyo na tarehe ndiyo inayozaa simu za kukumbushwa kila jioni. Rambirambi itengewe fungu lake, kwa kuwa msiba haupigi hodi.

Ukishajua kinachokuridhisha, kitengee fedha siku ileile unapopokea mshahara, kabla matumizi ya hiari hayajaanza. Fungu hilo lipe jina mahususi, kama vile “cherehani” au “safari ya Lamu”, na liwe katika akaunti tofauti au kibubu, kwa sababu fedha isiyo na jina huisha kwa mambo yasiyo na jina. Mama lishe au dereva wa bodaboda, ambaye kipato chake hakina tarehe, anaweza kutenga shilingi 500 katika kila 10,000 za faida. Hata hivyo, kama kila mwezi unaangukia kwenye Fuliza, Songesha au mikopo mingine ya simu, maliza deni hilo kwanza, la sivyo tozo zake zitaendelea kumega fungu lako.

Fungu likitimia, litumie. Wapo watu wanaoweka akiba kwa bidii kisha wakaona hatia kununua kile walichokiwekea, na hao nao hawajafaidi fedha yao.

Baada ya miezi mitatu omba taarifa nyingine na uipitie kwa swali lilelile, kama ungelipa tena. Kama hamu ya cherehani imekwisha, badili jina la fungu bila kuona haya. Wanandoa waipitie pamoja, lakini kila mmoja abaki na kiasi kidogo ambacho hatakiwi kukitolea maelezo.