Bampa Imebonyea: Myamalize Wenyewe au Uende Bima?

Mara ya kwanza kugongwa nilipokea elfu 50 nikaondoka. Ilikuwa jioni, foleni ya Mwenge, bajaji nyuma yangu ikachelewa kushika breki. Honi zinalia kila upande, konda wa daladala ananifokea nisogeze gari, na kijana wa bajaji ameweka mikono kichwani: "Dada yangu, naomba tuyamalize, hesabu ya bosi yenyewe sijaipata." Nikaangalia bampa, nikaona mkwaruzo na kabonyeo kadogo. Nikapokea hela. Kesho yake asubuhi mlango wa buti ukagoma kufunga. Fundi alipoifungua bampa akakuta chuma cha ndani kimejikunja na sakafu ya buti imesukumwa. Ilinitoka 220,000, na bajaji ile hata namba yake sikuwa nayo.

Kuyamaliza barabarani sikujutii. Hapa Dar makwaruzo madogo mengi huishia hivyo, na mengi huisha vizuri. Nilichojutia ni kwamba nilikuwa naamua jambo la pesa katikati ya honi bila kujua lolote: bima yangu inalipa nini, bampa ya gari langu, Toyota IST, inauzwa ngapi, anayeniomba msamaha ni nani. Haya yote yanajulikana siku ambayo hujagongwa, ukiwa umekaa nyumbani na chai yako.

Anza na hati ya bima. Siyo stika, hati yenyewe. Wengi tunakata bima ili trafiki asitusumbue, tukishaoneshwa kwamba imesoma kwenye mfumo tunaisahau mwaka mzima. Kwa gari dogo la binafsi bima ndogo ni laki moja hivi kabla ya VAT. Hiyo haigusi gari lako hata kidogo. Inamlipa uliyemdhuru wewe. Ukirudi nyuma ukapiga geti la jirani, geti linaweza kulipwa kwa kiwango kilichoandikwa kwenye hati, lakini taa yako utainunua mwenyewe. Na ukigongwa, unayemtegemea ni bima ya aliyekugonga, kama anayo. Kwa hiyo mwenye bima ndogo aliyegongwa ana njia mbili tu: makubaliano na mwenzake, au kudai kwenye kampuni ya mwenzake. Akisema "nitaenda kwenye bima yangu" anajifariji.

Bima kubwa ndiyo inayotengeneza gari lako hata kama kosa ni lako. Kwa gari binafsi kiwango kilichozoeleka ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari, kwa hiyo gari la milioni 12 ni 420,000 kabla ya VAT. Mtu akishatoa hela hiyo anaona kila mkwaruzo ni wa kampuni. Hapo ndipo anapokutana na neno ambalo wakala alilipitia haraka kama msomaji wa matangazo ya redio: eksesi. Ni sehemu ya hasara inayobaki mfukoni mwako kila unapodai. Tafuta mstari wake kwenye hati, piga alama kwa kalamu. Tuseme umeandikiwa asilimia 10 ya dai, isiyopungua 250,000. Taa ikivunjika kwa 180,000, kampuni haikupi chochote, maana hasara yote iko ndani ya sehemu yako. Matengenezo yakifika 310,000, kampuni inatoa 60,000. Yakifika milioni 2, unatoa laki mbili na nusu, wao wanamalizia. Kwa hesabu hiyo ya mfano, chini ya laki nne hivi sioni sababu ya kuwasumbua, hasa ukikumbuka kwamba kuna kampuni zinazopunguza ada kwa mteja aliyemaliza mwaka bila kudai. Uliza punguzo hilo lipo kwenye mkataba wako na ni kiasi gani, kisha lijumlishe kwenye gharama ya kudai. Mimi nimeandika namba moja kwenye simu: chini ya hapo namalizana, juu ya hapo naita bima. Siku ya tukio sifikirii tena.

Katika hati hiyohiyo angalia matumizi ya gari. Limeandikwa la binafsi, nawe jioni unabeba abiria kwa programu ya simu? Siku ya kudai swali la kwanza litakuwa ulikuwa unafanya nini barabarani na abiria ni nani wako. Kuna pia sharti ambalo hukaa karibu na mwisho, ambako hakuna anayefika: mikataba mingi inakukataza kukiri kosa au kuahidi malipo kwa niaba ya kampuni bila idhini yao. Ukishasema mbele ya watu "kosa langu, nitalipa kila kitu", halafu hasara ikakua, ukiwarudia wana pa kushikia. Nawe uliyegongwa ukisaini kwamba humdai mwenzako tena, umeifungia kampuni yako mlango wa kumdai yeye, na inaweza kukukataa. Pole na samahani hazina shida, sisi ni watu. Shikamoo nayo haina shida. Nimeona mzee aliyeshuka kwenye Harrier akiwa moto akapoa kwa shikamoo moja. Ahadi ya pesa ndiyo ya kupimwa.

Jua bei kabla. Hili watu hulidharau, na ndilo linalowaumiza pande zote mbili. Siku moja ukiwa Kariakoo kwa shughuli zako, pita kwenye maduka ya spea ya Gerezani au Shauri Moyo, ulizia bampa ya mbele na ya nyuma ya gari lako, taa ya mbele, kioo cha pembeni, vya mtumba na vipya. Andika. Kisha muulize fundi wa bodi unayemwamini anachukua ngapi kunyoosha mlango mmoja, kupiga puti na kupuliza rangi. Mwambie na namba ya rangi ya gari lako. Kwenye Toyota inakaa kwenye kibao kidogo chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. Gari langu ni 1F7, ile silva ya Toyota za Japani zilizojaa mjini, na hata hiyo ikichanganywa kwa macho tu mlango unatoka na rangi ya ndugu wa mbali. Kama gari lako lina kamera ya nyuma au sensa ndani ya bampa, bei ya "bampa tu" inadanganya. Mkwaruzo wa pembeni unaweza kuukadiria kwa macho, lakini bampa ya nyuma usiikadirie ikiwa imefungwa. Plastiki hurudi mahali pake na kuficha chuma kilichopinda nyuma yake, kama ilivyonifanyia mimi.

Halafu kuna migongano isiyomalizwa barabarani, na afadhali uikariri. Mtu akiumia, hata akisema "kidogo tu, niko sawa", ita polisi. Shingo huanza kuuma usiku, na majeruhi wa ajali hospitali watamuuliza PF 3, fomu ya polisi ya matibabu. Usipokee na usitoe hela ya "dawa" ukadhani umemaliza. Ukigonga gari lenye namba za ST au SU, dereva wake hana mamlaka ya kusamehe wala kupokea. Lile ni gari la umma na ana bosi wa kumwandikia maelezo. Nguzo ya taa, alama ya barabarani na kingo za daraja vina mwenyewe pia, wakala wa barabara TANROADS au TARURA, hata kama hakuna mtu aliyesimama pale. Na aliyekugonga akiwa amelewa au hana leseni, au mkianza kubishana nani kaingia njia ya nani, hapo pia hakuna cha kumalizana.

Kama ni bati tu, piga picha kabla magari hayajasogezwa. Waache wapige honi, wakutukane, dakika mbili hazimuui mtu. Picha ya mbali inayoonesha magari yote mawili na barabara, za karibu za kila jeraha la gari, ya namba zote mbili, na ya leseni ya mwenzako. Kisha sogezeni pembeni, muanze mazungumzo. Ukiwa hapo fungua mfumo wa TIRA MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, ingiza namba ya gari lake, utaona kama bima yake iko hai, ya kampuni gani na inaisha lini. Jibu la hapo linabadilisha mazungumzo. Mtu mwenye bima hai anayekimbilia kukupa elfu 40 anaweza kuwa anaokoa muda wake. Asiye na bima kabisa, chochote mtakachokubaliana kinategemea mfuko wake na neno lake.

Na uliza swali hili mapema: gari ni la nani? Mwaka jana Noah ilinirudia kinyumenyume kwenye maegesho ya Sinza. Akashuka baba mtu mzima, dereva wa mtu. "Mama, gari la bosi hili. Akijua nimegonga, kazi sina." Bima ilikuwepo, hai, lakini ya bosi, na yeye alikuwa tayari kulipa kutoka kwenye mshahara wake ili bosi asijue. Akatoa elfu 80. Safari hii sikupokea. Nilimwambia twende wote kwa fundi palepale, bampa ifunguliwe mbele yake. Ikafunguliwa: klipu tatu zimekatika, chuma kimepinda, taa ya kulia ina ufa kwa ndani. Jumla 310,000, na aliona mwenyewe kila kitu, hakusimuliwa. Kwa eksesi yangu ya 250,000 bima yangu kubwa ingenipa elfu 60 na nizunguke wiki kadhaa. Tukakubaliana alipe kwa mafungu matatu. Lakini nilimwambia wazi: fungu lisipokuja kwa tarehe, nampigia bosi, na namba yake naichukua sasa hivi. Akanipa. Kama angekataa, ningeita trafiki, kwa huruma zote nilizokuwa nazo.

Tuliandika kwenye karatasi ya daftari juu ya boneti, fundi akiwa shahidi. Majina kamili kama yalivyo kwenye leseni, namba za leseni, namba za magari, tarehe, saa, mahali, nini kimegonga nini, kiasi, tarehe za malipo, sahihi za wote watatu. Malipo kwa simu, si taslimu, ili muamala ubaki kuwa ushahidi. Kuna sentensi moja ya kufikiria vizuri kabla ya kuiandika, na inategemea umesimama upande gani. Aliyegonga anataka "baada ya malipo haya hakuna deni jingine". Aliyegongwa anataka "pamoja na uharibifu utakaoonekana bampa ikifunguliwa". Mkishaifungua kwanza, ubishi huo unakufa wenyewe, na ya kwanza inaandikika bila hofu. Karatasi ya namna hii mahakama ya mwanzo inaielewa; maneno matupu ya barabarani utayathibitisha kwa shida.

Ukiwa na bima kubwa, hata mkimalizana toa taarifa kwa kampuni, na ueleze kwamba hudai chochote. Uliyemgonga anaweza kurudi baada ya mwezi na ankara ndefu, na ukichelewa kutoa taarifa utakuwa umevunja sharti la siku zilizoandikwa kwenye mkataba.

Ukiamua kwenda bima, usiguse gari. Watu hutengeneza kwanza halafu wanapeleka risiti, kisha wanashangaa. Mkadiria hasara anataka kuona bampa ikiwa imevunjika. Trafiki watapima eneo na kuchora ramani, mkaguzi wa magari ataliangalia gari na kujaza PF 90, fomu ya polisi ya ukaguzi wa gari, na kampuni zimezoea kudai pia PF 93 na PF 115, fomu nyingine za polisi kuhusu ajali. Ongeza fomu ya madai, nakala ya leseni, kadi ya gari, makadirio ya gereji. Kila karatasi ina safari yake na nauli yake. Kama gari ndilo linalokupa chakula, hesabu na siku litakazolala gereji, maana bima ya kawaida haikulipi siku hizo. Dai likikwama au kukataliwa kwa sababu usiyoielewa, omba sababu kwa maandishi, ndiyo utakayoibeba kwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Kwenye dashibodi yangu siku hizi kuna daftari, kalamu mbili (moja huwa haiandiki), nakala ya hati ya bima yenye mstari wa eksesi uliopigwa rangi, na bei za spea za mwaka jana ambazo nahitaji kwenda kuziulizia upya. Baba wa Noah alilipa mafungu mawili kwa tarehe. La tatu lilichelewa siku nne, likaja na ujumbe: "Mama samahani, mwisho wa mwezi ulikuwa mbali. Bosi hajajua."