Jinsi ya Kunyoosha Matumizi ya Neno "Onyo" katika Nyaraka za Git

Mtu anayefungua ukurasa wa maelezo ya amri ya Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, baada ya kuona ujumbe wa onyo huwa anatafuta jibu la swali moja kabla ya mengine yote: je, kazi aliyoiamuru imefanyika au imekataliwa? Nyaraka zinazotumia neno onyo mara kwa hali ambayo programu imeona tatizo na kuendelea, na mara kwa hali ambayo imeona tatizo na kusimama, humwacha abahatishe. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzitambua sehemu hizo, kuzihakiki kwa majaribio na kuziandika upya.

Anza na utaratibu ambao programu yenyewe inaufuata. Ujumbe unaotanguliwa na `hint:` ni ushauri tu, na aina nyingi za ushauri huo huweza kuzimwa kwa mipangilio inayoanza na `advice.`, kama vile `advice.detachedHead`. Ujumbe wa `warning:` humjulisha mtumiaji jambo la kuangaliwa huku kazi ikiendelea. `error:` hueleza kwamba jambo fulani limeshindikana, na `fatal:` humaanisha kwamba amri imekatishwa papo hapo, kwa kawaida ikirudisha namba 128 (kila amri hurudisha namba inapomalizika, na 0 humaanisha imefanikiwa). Kipimo chako kiwe hiki: pale ambapo nyaraka zinasema programu "inaonya", msomaji awe na haki ya kuamini kwamba kazi yake imeendelea.

Ukiwa ndani ya nakala ya msimbo wa Git, tafuta neno lenyewe kwa amri ya `git grep -n -i warn -- Documentation`. Matokeo yatakuwa mengi, na sehemu kubwa haina tatizo lolote. Maelezo ya mpangilio wa `core.safecrlf`, kwa mfano, yanasema kwamba ukiweka thamani ya `warn`, Git itaonya tu kuhusu ubadilishaji wa alama za mwisho wa mstari usioweza kurudishwa nyuma, lakini itaendelea na kazi. Hakuna cha kuongeza hapo, na sentensi hiyo inafaa kuwa kielelezo. Kinachostahili muda wako ni maelezo ya machaguo yenye thamani kadhaa, hasa pale ambapo tendo la kuonya na tendo la kukataa yamewekwa katika sentensi moja.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni chaguo la `--whitespace` la `git apply`, amri inayotumia kiraka, yaani faili linaloorodhesha mabadiliko, kwenye mafaili. Kwa miaka mingi ukurasa wake umeeleza kwamba thamani ya `warn` hutoa maonyo kuhusu makosa machache ya nafasi tupu kisha hutumia kiraka kama kilivyo, na kwamba thamani ya `error` nayo hutoa maonyo kuhusu makosa machache ya aina hiyo kisha hukataa kutumia kiraka. Hata `fix`, ambayo husahihisha kabla ya kutumia, imeelezwa kwa maneno yaleyale ya kutoa maonyo. Hapo maneno mawili yamebebeshwa kazi tatu: "makosa" ni jina la kasoro iliyo ndani ya kiraka, "onyo" ni tendo la kuichapisha kasoro hiyo kwenye skrini, na wakati huohuo yote mawili ni majina ya thamani zinazoamua kitakachotokea.

Kabla ya kugusa sentensi hata moja, thibitisha tabia ya amri. Chukua faili lililokwisha kuhifadhiwa, ongeza mstari unaoishia na nafasi tupu, andika tofauti hiyo kwa `git diff > jaribio.patch`, kisha rudisha faili katika hali yake ya awali kwa `git restore`. Tumia kiraka hicho kwa `--whitespace=warn`, na mara moja uandike `echo $?`, inayoonyesha namba iliyorudishwa: utaona muhtasari unaoanza na `warning:`, namba 0, na faili lililobadilika. Rudisha faili tena na ujaribu kwa `--whitespace=error`; safari hii muhtasari utaanza na `error:`, namba itakuwa 128, na faili halitakuwa limeguswa. Kwa hiyo programu iko sahihi, na kasoro imo katika maelezo peke yake.

Sasa andika upya kwa kutenganisha kazi hizo tatu. Kwa tendo la kuchapisha, tumia kitenzi kisichobeba uzito wa onyo wala wa kosa, kama vile kutaja au kuripoti, na matokeo yafuate bila kuchelewa: "`warn` hutaja makosa machache ya nafasi tupu na hutumia kiraka bila kukibadilisha, `error` hutaja machache na hukataa kiraka chote." Usilifute neno "makosa" katika jina la kasoro, kwa kuwa `core.whitespace` na kurasa nyingine hulitegemea.

Maelezo ya `git diff --check` ni magumu zaidi kuamua. Yanasema kwamba chaguo hilo huonya, kisha yanaongeza kwamba amri hurudisha namba isiyo sifuri ikiona tatizo. Mtu anaweza kutetea neno hilo kwa hoja kwamba amri imemaliza ukaguzi wake. Mimi ningelibadilisha hata hivyo, kwa sababu ukaguzi wa namna hii hutumika katika hati zinazoendeshwa kabla ya komiti (tendo la kuhifadhi badiliko katika Git), ambako namba hiyo huizuia komiti yenyewe.

Majina ya thamani kama `warn` na `error` yaache yalivyo, maana hati za watumiaji zinayategemea. Ujumbe uliomo katika msimbo nao ni shughuli tofauti: majaribio ya folda ya `t` huulinganisha neno kwa neno, na tafsiri za folda ya `po` hutokana nao. Angalia pia toleo unalolielezea, kwani onyo la leo huweza kuwa katazo kesho: `git pull` ilianza kuonya katika toleo la 2.27 la mwaka 2020 pale mtumiaji alipokuwa hajachagua njia ya kuunganisha, na kuanzia toleo la 2.33 la mwaka 2021 hukataa kabisa matawi, yaani mikondo ya komiti, yakiwa yameachana.

Mwisho, jenga kurasa kwa `make -C Documentation` ili kuhakikisha mpangilio haujavurugika, kisha hifadhi badiliko kwa `git commit -s`, kila ukurasa na komiti yake. Katika maelezo ya komiti, weka amri ulizoendesha pamoja na namba zilizorudishwa, ili mpitiaji aweze kuyarudia majaribio mwenyewe.