Umeshtakiwa kwa Mkopo Ambao Hukuchukua: Namna ya Kumpata Wakili Hapa Mwanza

Mwaka juzi aliingia ofisini kwangu mama mmoja muuza dagaa wa Mwaloni, Kirumba. Samansi, yaani hati ya wito wa mahakama, aliikunja mara nne ndani ya kipochi cha simu, na siku 18 zilikuwa zimeshapita tangu aipokee. Taasisi ya mikopo ambayo hajawahi hata kukanyaga ofisini kwake ilikuwa inamdai milioni saba. "Niliiweka tu, wakili, maana hainihusu." Wengi huumia hapo, kwa hiyo naanza na hapo.

Hatua ya 1: Hesabu siku. Andika kwa kalamu, juu ya samansi yenyewe, tarehe uliyoipokea. Kama kesi iko Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, una siku 21 za kuwasilisha utetezi wa maandishi. Ukinyamaza, mdai ataomba kesi isikilizwe upande mmoja, yaani bila wewe, na wewe utakuja kushtuka dalali wa mahakama akiulizia friji lako. Mahakama ya Mwanzo utajibu kwa mdomo, ila lazima ufike. Kumkimbia anayeleta samansi hakufuti kesi, na kuipokea si kukiri deni.

Hatua ya 2: Usilipe hata senti. Wanaokudai watakupigia: "Weka hata elfu hamsini, mama, tukusaidie kufunga faili." Hiyo elfu hamsini inaweza kusomwa mahakamani kama ushahidi kwamba deni unalitambua. Usisaini pia karatasi ya kupunguziwa riba.

Hatua ya 3: Kusanya karatasi kabla ya kwenda kwa wakili. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukikuta usiyoijua, piga picha skrini kabla hujaenda kuifungisha. Nenda polisi utoe taarifa, uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako. Kujifanya mtu mwingine kwa kutumia simu au kompyuta ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Omba pia ripoti yako ya mikopo kwenye kampuni ya taarifa za mikopo yenye leseni ya Benki Kuu. Aliyekopa kwa jina lako mara moja, mara nyingi hakuishia hapo.

Hatua ya 4: Mpate wakili, si kishoka, yaani anayejifanya wakili. Vishoka utawakuta karibu na geti la mahakama, bahasha ya kaki kwapani, wakijisifu wanajuana na karani. Mwombe mtu jina lake kamili, ulihakiki kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Leseni ya uwakili huhuishwa kila mwaka, kwa hiyo cheti cha zamani kilichoning'inizwa ukutani hakitoshi. Malipo mkubaliane kwa maandishi, ada za mahakama zitajwe kando, na kila unachotoa upewe stakabadhi. Huna uwezo? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatambua watoa msaada wa bure. Ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako.

Mimi binafsi humpima wakili kwa swali lake la kwanza. Akianza na "una shilingi ngapi?", nyanyuka. Anayekufaa ataanza na "mkataba uko wapi?"

Maana kesi hizi mtu hushinda au hushindwa kwenye mkataba. Wa yule mama tuliufungua mezani. Yeye husaini kwa herufi tatu za jina lake, zimesimama kama nguzo za uzio. Sahihi ya kwenye mkataba ilikuwa na mkia mrefu, utadhani ya meneja wa benki. Barua ya utambulisho ilikuwa na muhuri wa mtaa wa Nyamagana, na yeye kazaliwa na kukaa Ilemela. Kilichonifurahisha zaidi ni stakabadhi ya ushuru wa dagaa, imelowa mafuta: siku mkataba uliposainiwa mjini, yeye alikuwa Nansio, Ukerewe, akipakia magunia. Karatasi kama hiyo usiitupe.

Hatua ya 5: Soma utetezi kabla haujawasilishwa. Ukiona umeandikwa "mdaiwa anakana madai yote" basi, urudishe. Uandikwe kwamba sahihi si yako, muhuri si wa mtaa wako, na siku hiyo ulikuwa wapi. Mwambie wakili adai mkataba halisi uletwe mahakamani, si fotokopi. Anayedai ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Kama hukumu ya upande mmoja imeshatoka, aombe itenguliwe haraka, na ueleze kwa nini hukufika.

Sisi tuliwasilisha siku ya 20. Mkataba halisi haukuonekana, na mdai akaomba kuiondoa kesi.

Hatua ya 6 huwa inasahaulika. Chukua nakala ya amri ya mahakama yenye muhuri, uipeleke kwa aliyekushtaki, ukidai kwa barua jina lako lisafishwe kwenye taarifa za mikopo. Nakala yako ya barua wakugongee "imepokelewa". Baada ya mwezi, omba ripoti upya uone kama kweli wamelitoa.