Kupima eneo tupu la Élisabethville kwa ramani ya zamani

Ramani inayosogea kwenye skrini inavutia, lakini yenyewe haithibitishi kitu. Anza na dai linaloweza kupingwa, kwa mfano: katika Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo huko Kongo, eneo tupu lililotenga mji wa Wazungu na sité (mtaa) ya Waafrika wakati wa ukoloni halikuwa na upana mmoja kote. Hilo linapimika.

Skani ramani ya zamani ikiwa imelala bapa, nukta 300 kwa inchi au zaidi; picha ya simu iliyopigwa kiupande hupinda barabara. Ifungue katika QGIS, programu ya bure ya ramani, na mradi pamoja na tabaka zake uviweke kwenye EPSG:32735, yaani UTM 35 kusini, mfumo wa kuratibu unaopima kwa mita, ambamo Lubumbashi imo. Tabaka likibaki kwenye EPSG:4326, mfumo wa digrii za latitudo na longitudo, bafa (ukanda wa kuzunguka kitu) ya 500 itakuwa ya digrii 500, wala si mita.

Sasa kazi yenyewe: kuifunga ramani kwenye ardhi ya leo. Tafuta vitu visivyohama, kama kanisa kuu la Petro na Paulo na njia panda za katikati ya mji. Kingo za mto ziache. Weka alama 8 hadi 12, zifike pembe zote nne. Hesabu ya polinomia ya kwanza, njia rahisi ya QGIS ya kuilaza ramani juu ya alama hizo, inahitaji alama 3 tu, na kwa 3 hizo kosa, yaani umbali kati ya alama na mahali pake halisi, litasomeka sifuri. Usifurahi: hakuna alama ya ziada ya kulikagua. Ongeza ya nne, kosa litajitokeza. Likibaki mita 30, tofauti ya mita 20 huwezi kuitetea.

Kisha chora mistari ya kukata eneo hilo kila mita 100, uandike urefu wa kila mmoja.

Kwenye jedwali weka safu za mwanzo, mwisho, chanzo na uhakika. Jengo linaloonekana katika ramani ya 1923 lilikuwapo kufikia mwaka huo. Halikujengwa lazima mwaka huo. Kila mahali pape namba moja ya kudumu, maana majina hubadilika: Élisabethville ikawa Lubumbashi mwaka 1966. Tarehe ziandikwe 1923-01-01 na safu iwe ya aina ya tarehe, la sivyo kidhibiti cha muda cha QGIS, kinachoisogeza ramani mwaka hadi mwaka, hakitazitambua.

Jihadharini na ramani za mipango, zilizochora mji uliokusudiwa kujengwa: barabara iliyochorwa huenda haikulimwa kamwe. Na wachoraji wa kikoloni waliweza kuiacha sité nyeupe. Weupe huo hausemi kwamba hapakuwa na watu. Hapo tafuteni picha za angani kabla ya kupima chochote.